Tindo siyo patasi

Jamani hili la watu kuiita tindo patasi tuliweke sawa. Tindo ni kipande cha chuma kigumu unachokishika mkono mmoja, nyundo mkono wa pili, unachongea jiwe au unatobolea ukuta. Maana yake ndo hiyo. Sasa pita maduka ya vifaa pale Mwanjelwa, Mbeya, utasikia mtu anaomba "patasi ya mawe" na muuzaji anampa ya seremala kweli, ikifika saiti inapigwa nyundo ya kilo mbili, mpini unapasuka, makali yanamegeka, halafu lawama anabeba fundi.

Patasi imenolewa upande mmoja, makali membamba, digrii 25 mpaka 30 hivi, maana inakata mbao. Tindo imenolewa pande zote mbili, mdomo mnene, inaweza kufika digrii 60, na haina mpini wa mti. Kichwa chake kinaachwa laini kuliko mdomo ili kisipasuke kikigongwa, ndo maana kinachanua kama uyoga, na kikichanua kipige gurinda kabla hujaendelea kwasababu vile vipande vinaruka usoni na jicho halina spea.

Halafu tindo zenyewe ziko tofauti. Ya ncha inatoa manundu, ya meno inasawazisha, bapa inamalizia. Ila mpangilio huo ni wa mawe laini, kama travatini ya kule Songwe ambayo wengi wanaiita marumaru. Madini yake ni kalsaiti, ugumu wake 3 kwenye skeli ya Mohs, yaani kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 mpaka 10, chuma kinaikata vizuri tu. Graniti kama haya mawe yaliyojaa Iringa mjini ina madini ya kwatzi ndani, ugumu 7, chuma cha tindo ya kawaida hakifiki hapo. Kwahiyo graniti hulainishi kwa kunoa tindo zaidi na zaidi, ile unaiponda: unaanza na tindo ya ncha, halafu nyundo yenye meno meno usoni, unagonga taratibu uso mzima mpaka vinundu viishe, ukitaka ing'ae ndo unasugua kwa msasa wa mawe na maji.

Kwahiyo ndugu yangu, ukifika dukani sema tindo, na mwambie muuzaji unaenda kuchonga jiwe gani.