Elimu kwa Umma: Tetemeko la Kagera, Chanzo Chake na Lenta Isiyofungwa Konani

Kila ardhi inapotikisika Kanda ya Ziwa, ujumbe uleule huzunguka kwenye simu: eti wataalamu wametangaza tetemeko kubwa zaidi, litapiga usiku saa fulani. Tunaomba ieleweke mara moja. Hakuna mtaalamu wala chombo popote duniani kiwezacho kutaja siku na saa ya tetemeko. Anayesambaza mtandaoni taarifa ya namna hiyo akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma, anaingia katika kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ukipokea ujumbe huo, ufute.

Tetemeko la Kagera la Jumamosi, 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Kitovu kilikuwa kaskazini-magharibi mwa Bukoba, kina cha kilomita 40 hivi. Halikutokana na volkano, wala machimbo, wala laana. Bara letu linaachana taratibu, milimita chache kwa mwaka, na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa unapita kwenye maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Mvutano huo hauishii bondeni. Miamba ya pembeni, ikiwemo ya Kagera, nayo inavutwa, hadi nguvu inapozidi msuguano kwenye mpasuko wa miamba na upande mmoja kuteleza ghafla. Mkono huohuo ndio uliotikisa Rukwa Desemba 1910 kwa ukubwa wa 7.4, nishati inayozidi ile ya Kagera zaidi ya mara 150.

Mngurumo kama wa lori zito unaotangulia ni mawimbi ya kwanza, yaendayo kasi. Yanayobomoa hufuata. Hesabu sekunde kati ya mshtuko wa kwanza na mtikiso mkali, zidisha kwa 8, utapata takribani kilomita kutoka ulipo hadi chanzo. Sekunde hizo zinatosha kuingia chini ya meza imara. Kukimbilia mlangoni ndiko kunakokutanisha watu na tofali zinazoanguka.

Zaidi ya watu 15 walifariki Kagera, na sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa uharibifu. Ukubwa wa 5.9 ni wa wastani tu, kwa hiyo hapa lazima tuzungumzie kuta. Tofali zilizojengewa udongo hazishikani. Ukuta wa pembetatu chini ya paa, usiofungwa na kenchi, hutangulia kuanguka.

Lenta, yaani mkanda wa zege lenye nondo, izunguke nyumba nzima, juu ya milango na madirisha, bila kukatika. Nondo 4 za milimita 12, ringi (vyuma vinavyozifunga nondo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na zege lifunike chuma angalau sentimita 2.5. Kosa tunalolikuta mara kwa mara liko konani: fundi anakata nondo za ukuta mmoja zinapokutana na za mwingine. Kwa macho lenta imekamilika, lakini ukuta ukisukumwa kona inafunguka kama boksi. Nondo ikunjwe, iingie ukuta wa pili, ipishane na mwenzake sentimita 60. Kagua kabla zege halijamwagwa. Baada ya hapo hakuna wa kukuonyesha.

Kwa nyumba iliyokwisha kupata nyufa: ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si hatari. Ufa wa mshazari, hasa unaounda X kati ya madirisha, au unaopitisha mwanga, hameni. Piga picha ukiweka rula pembeni, andika tarehe, peleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha kwa mtendaji, ili mhandisi wa halmashauri aje kukagua. Usibomoe kabla hajafika, na usipige plasta juu ya ufa: unafichwa, haujatibiwa. Kwa ufa mdogo, weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe. Mitikisiko midogo huweza kufuata kwa wiki kadhaa, na ufa ukiivuka alama, toeni watoto humo siku hiyohiyo.