Makaratasi ya George Washington: yanayosemwa na yaliyoandikwa

"Washington aliwaacha huru watumwa wake wote alipofariki." Hili husemwa sana kuhusu rais wa kwanza wa Marekani, na makaratasi yake mwenyewe yanalikanusha. Mwaka 1799 aliorodhesha watu 317 waliokuwa utumwani Mount Vernon, shamba lake huko Virginia. Kati yao 123 tu walikuwa mali yake. Wengine 153 walitokana na mirathi ya marehemu mume wa kwanza wa mkewe, Martha, na 41 walikuwa wa kukodi. Wosia wa Washington uliwagusa wale 123 peke yao, tena wangekuwa huru baada tu ya Martha kufa. Aliyepata uhuru papo hapo ni William Lee, mtumishi aliyekuwa naye vitani. Martha hakungoja, akawaachia tarehe 1 Januari 1801. Wale 153 waligawiwa wajukuu zake. Wengi walikuwa wameoana na wale walioachwa huru, kwa hiyo baba alitoka na mama akabaki na watoto, au kinyume chake.

Wengine hudhani makaratasi ya mkubwa kama huyu yametufikia yote. Wapi! Martha alichoma karibu barua zote alizoandikiana na mumewe. Kisha Jared Sparks, mhariri aliyekabidhiwa makaratasi yaliyobaki, alikatakata rasimu ya hotuba na kugawa vipande kama kumbukumbu kwa marafiki.

Dhana ninayoiona mbaya zaidi ni kwamba nyaraka za bwana husema ya bwana tu. Chukua kisa cha Ona Judge, mtumwa aliyemhudumia Martha, aliyetoroka Philadelphia mwaka 1796 akaishia Portsmouth, New Hampshire. Washington, akiwa rais, alimwandikia Waziri wa Fedha, Oliver Wolcott, arudishwe, akidai kuna Mfaransa aliyemrubuni. Kazi ikamwangukia afisa forodha wa Portsmouth, Joseph Whipple. Huyu alizungumza na Ona, kisha akajibu kwa adabu zote kwamba hakurubuniwa na mtu: alichotaka ni uhuru. Anayesoma barua za Washington peke yake anabaki na Mfaransa. Jibu la ofisa mdogo ndilo linalomfuta.

Naye Ona alikuwa miongoni mwa wale wa mirathi, hivyo wosia haukumhusu. Alipohojiwa na magazeti ya wapinga utumwa mwaka 1845 na 1846, kisheria alikuwa bado mali ya warithi.