"Wenzake Ndio Waliomharibu"

Mzazi anapoingia ofisini kwangu, ninakoshauri wazazi na vijana hapa Dodoma, akiwa na kijana wa kidato cha pili au cha tatu, maneno ya kwanza huwa yanafanana: "Huyu mtoto alikuwa mzuri kabisa, wenzake ndio waliomharibu." Nimeyasikia kwa watumishi waliohamia Dodoma na wizara zao, kwa mama lishe wa Majengo, kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Nayapokea kwa heshima, maana anayeyasema anaumia. Shida ni kwamba wiki inayofuata anaweza kuja mzazi wa huyo mwenzake, naye akasema hayo hayo kwa uchungu ule ule. Bado hajaletwa kwangu mtoto ambaye kwao wanakiri kuwa yeye ndiye aliyewaharibu wengine.

Nani anamjenga mtoto zaidi, mzazi au marafiki? Wanasaikolojia wamelibishania swali hili kwa miaka mingi, na mzazi wa Nkuhungu au Kisasa ana haki ya kujua walifika wapi. Msimamo wangu nautaja mapema. Marafiki wana nguvu kuliko wazazi wengi wanavyokubali, hasa mtoto akishatoka nje ya geti. Lakini mzazi ana mkono mkubwa katika kuamua marafiki hao watakuwa akina nani, na ni yeye anayemfanya mtoto aje amwambie yanayotokea huko au ayafiche.

Nianze na jambo ambalo kila mkazi wa mji huu ameliona. Kuna familia ya Chang'ombe ambayo nimewahi kukaa uani kwao jioni. Bibi ametoka kijijini Mvumi, anaongea Kigogo tangu asubuhi. Anamwagiza mjukuu maji. Mjukuu, wa darasa la tatu, anaelewa kila neno, anakwenda, anarudi na kikombe, anapiga goti na kusema, "Shika bibi." Kigogo chake chote ni "mbukwenyi" ya asubuhi, tena kwa sababu bibi haitikii salamu nyingine. Hakuna aliyemkataza lugha ya kwao. Baba na mama wanaizungumza mbele yake kila siku. Ila akitoka nje kuna watoto wanaocheza kombolela, huyu Mgogo, yule Mrangi, wa tatu wazazi wake wamehamia kutoka Mwanza, na mchezo mzima unaendeshwa kwa Kiswahili. Wazazi wawili na bibi mmoja wameshindwa na watoto wa mtaa, bila hata mtu kugombana.

Jambo la namna hiyo ndilo lililomfikirisha Mmarekani Judith Rich Harris, mwandishi wa vitabu vya saikolojia. Akiwa mwanafunzi alipanga chumba kwa wahamiaji wa Kirusi ambao Kiingereza chao kilikuwa kizito, ilhali watoto wao walikiongea kama watoto wengine wa jirani. Mwaka 1995 alichapisha makala katika jarida la Psychological Review akidai kwamba tabia ambayo mtu huingia nayo utu uzimani hujengwa zaidi na kundi la rika kuliko na wazazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto hujifunza kuishi nyumbani, kisha hujifunza upya kuishi nje, na yale ya nje ndiyo yanayobaki kwa sababu maisha yake yatakuwa huko. (Mwaka 1960 mama huyu aliondolewa katika masomo ya shahada ya uzamivu (PhD) ya saikolojia pale Harvard, kwa barua iliyosainiwa na Profesa George A. Miller. Makala yake baadaye ikapata tuzo yenye jina la Miller huyo huyo. Huwa nawasimulia habari hii wanafunzi waliokatishwa tamaa.)

Harris aliegemea sana tafiti za mapacha. Watafiti hulinganisha mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni karibu sawa kabisa, na mapacha wasiofanana, ambao vinasaba vyao vinalingana kwa kiasi kile kile cha ndugu wa kawaida. Mwaka 2015 zilijumlishwa tafiti za takriban miaka 50, zikiwa na jozi zaidi ya milioni 14 za mapacha, na ikaonekana kwamba kwa wastani karibu nusu ya tofauti kati ya watu, 49%, inatokana na kurithi. Kilichowashtua wengi ni sehemu ya pili: kwa upande wa hulka, yaani upole, ukali, ucheshi, woga, kulelewa nyumba moja hakuwafanyi ndugu wafanane kwa kiasi kikubwa. Mama yeyote mwenye watoto wanne analijua hili. Sufuria moja, fimbo moja, sala moja, na bado mmoja mkimya na mwingine hakauki barazani.

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Hiyo 49% inazungumzia tofauti kati ya watu wengi. Haisemi kwamba nusu ya mwanao imetoka kwa babu yake. Tena, sehemu isiyotokana na kurithi haijathibitishwa kuwa ni ya marafiki. Harris aliipa kundi la rika kwa hoja nzuri, lakini sehemu kubwa ya tofauti hizo haina mwenyewe mpaka leo. Na jambo linalonigusa zaidi kama mtu ninayefanya kazi mkoa huu: nyingi ya tafiti hizo zilifanywa katika nchi tajiri, kwa familia ambazo chakula na shule si mjadala. Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walichunguza mapacha wa miaka saba nchini Marekani, wakazitenganisha familia maskini na zile zenye uwezo. Kwa wenye uwezo, tofauti za akili katika vipimo zilielezwa zaidi na kurithi. Kwa maskini, kurithi kulieleza kidogo mno, na hali ya nyumbani ndiyo iliyobeba uzito. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua. Ukikatika mapema, kuna watoto wa Bahi na Chamwino wanaokwenda shule bila kitu tumboni. Kumwambia mzazi wa huko kwamba mchango wake ni mdogo ni kumdhulumu. Uji anaoupika asubuhi ni mchango mkubwa.

Turudi kwa wale "wenzake". Mwaka 1978 Denise Kandel alifuatilia urafiki wa vijana wa shule katika jimbo la New York, akauliza: marafiki wanafanana kwa sababu wameambukizana tabia, au walifanana kwanza ndipo wakawa marafiki? Akakuta yote mawili, kwa uzito unaokaribiana. Kwa hiyo kijana anayevuta bangi na wenzake huenda alifundishwa nao, na huenda pia aliwatafuta. Ukimhamisha shule bila kujua alikuwa anatafuta nini kwao, atawapata wengine wa aina ile ile kabla ya likizo ya Juni.

Kuambukizana kupo, na kuna umri kunakuwa kukali. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu wa rika tofauti mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, ambapo unapata pointi kwa kuendelea mbele lakini ukizidisha unagonga. Wakiwa peke yao, vijana wa miaka 13 hadi 16 hawakuachana sana na watu wazima. Walipowekewa wenzao wawatazame, walizidisha hatari kwa kiasi kikubwa. Watu wazima hawakubadilika. Ukitaka kuliona jambo hilo kwa macho, simama barabara ya kuelekea Nzuguni jioni, utazame kijana akiendesha bodaboda peke yake, halafu umtazame yule yule akiwa amebeba mishikaki ya wenzake wawili. Mafunzo ya udereva ni yale yale na akili ni ile ile. Kilichoongezeka ni macho ya watu wawili nyuma yake.

Sasa mzazi afanye nini? Wengi hujibu: kufuatilia. Kupekua simu, kuhoji, kuweka saa ya kurudi. Mimi pia nilifundishwa chuoni kwamba mtoto anayefuatiliwa hapotei. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr waliichunguza imani hiyo kwa watoto wa miaka 14 nchini Uswidi. Ni kweli kwamba watoto ambao wazazi wao walijua mengi kuhusu maisha yao ya nje walikuwa na matatizo machache. Lakini wazazi hao walijuaje? Hasa kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa akisimulia. Kuhoji na kubana kulichangia kidogo. Kati ya tafiti zote ninazowatajia wazazi, hii ndiyo ninayotamani ifike kila nyumba.

Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mhusika. Mama alimleta mwanawe wa miaka 15. Karo ya muhula ilikuwa imeishia kwenye mashine za kamari karibu na kibanda cha gemu. Mama aliongea karibu nusu saa, kijana akiangalia sakafu. Nikamwomba mama asubiri nje. Ukimya ukaendelea, kisha nikamuuliza kama kuna siku amewahi kumweleza mama jambo la wenzake. Akasema ndiyo, mara moja, darasa la saba. Alimwambia mama kwamba kuna wenzake wanavuta bangi nyuma ya soko na wamemshawishi, yeye akakataa. Mama alimpiga kwa kuwa karibu nao, kisha akaenda kwa balozi wa nyumba kumi akayataja majina yote. "Niliwachoma wenzangu," aliniambia, "na fimbo nikala mimi." Mtaani akaitwa msaliti miezi kadhaa. Tangu hapo hakusema tena kitu chochote nyumbani, si cha kamari, si cha mapenzi, si cha mwalimu aliyekuwa akimdhalilisha.

Yule mama anampenda mwanawe. Nilipomwita ndani na kijana akarudia maneno yale mbele yake, alijifunika uso kwa khanga. Alikuwa amefanya kile ambacho mtaa mzima ungemsifu kwa kukifanya. Nilichomwomba ni kimoja: neno ambalo mtoto amelileta mwenyewe lisiadhibiwe. Kama kuna hatua ya kuchukua, mchukue pamoja, na kama ni lazima mzazi mwingine aambiwe, kijana ajue kabla na akubali namna litakavyosemwa. Ni ngumu, hasa kwa sisi tuliokuzwa kwa fimbo tukaambiwa ndiyo mapenzi. Lakini mtoto akishaona kwamba kusema kunamgharimu, mzazi hubaki anapekua mifuko ya suruali.

Jambo la pili ninalowaomba wazazi ni kuwaruhusu hao marafiki waje nyumbani. Mzazi wa Ilazo aliyezungusha ukuta na kuweka mbwa anadhani amemlinda mwanawe, kumbe amewapeleka watoto wote kijiweni, mahali asipokuwepo mtu mzima. Jando la zamani hapa Ugogo lilikuwa kundi la rika tupu, lakini wazee walikuwa humo ndani na vijana. Leo kundi lipo vile vile, saa tisa mchana hadi usiku, ila mzee hayupo. Pika chai, weka mihogo, waache wacheze karata uani kwako. Utajifunza mengi ukiwa unapita tu na ndoo.

Naishia kwenye bweni, kwa sababu kila Januari napigiwa simu: "Nataka nimpeleke bweni akanyooshwe." Hapa huwa sifichi wasiwasi wangu. Mwaka 1999 Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin waliandika kuhusu programu za kuwasaidia vijana wenye utundu uliokithiri kwa kuwakusanya pamoja. Baadhi ya programu hizo ziliwaongezea matatizo, na madhara yalionekana hata miaka mingi baadaye. Dishion alikuwa ameshawarekodi wavulana kwa video wakizungumza na marafiki zao, akaona namna inavyokwenda: mmoja anasimulia alivyovunja sheria, mwingine anacheka. Kicheko kile ndicho zawadi. Wale waliozoea kuchekeana kwa habari za uhalifu ndio walioendelea kupotea.

Sasa fikiria shule iliyojitangaza kwamba inanyoosha watoto walioshindikana. Nani mwingine atakuwa kwenye kitanda cha juu? Umemtoa mwanao kwa marafiki watatu wa mtaa, umempeleka kulala na arobaini waliofukuzwa kwingine. Mwaka 2023 Serikali ilisitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, nami niliunga mkono kwa moyo wote. Kwa wakubwa uamuzi umebaki kwa mzazi, na yapo mabweni mazuri, nimeyaona.

Kwa hiyo ukienda kutazama shule, waache kwanza wakuonyeshe maabara na matokeo ya mtihani, kisha omba kupelekwa bwenini jioni, wakati wa chakula. Uliza watoto wangapi wameingia katikati ya mwaka na walitoka wapi. Uliza mtoto akitaka kusema jambo usiku anamwendea nani. Mkuu wa shule akikosa jina la kukutajia, au akikutajia matroni mmoja kwa watoto mia mbili, mshukuru, urudi na mwanao, mtafute shule ya kutwa karibu na nyumbani.