Maana ya kusema bendi "haijapewa uzito wake": mfano wa Unninae Ibalgwan

Mpenzi wa muziki anaposema kwamba bendi fulani haijapewa uzito wake, hamaanishi tu kwamba haijulikani, kwani bendi nyingi hazijulikani kwa sababu hazina jipya la kusikilizwa. Dhana hii hudai mambo mawili kwa pamoja: kazi iliyo bora kwa kipimo cha wanaoujua muziki huo, na sifa iliyo ndogo kuliko kazi yenyewe. Ndiyo maana anayeitumia hana budi kueleza ni nani hasa aliyeinyima bendi hiyo uzito.

Mfano mzuri ni Unninae Ibalgwan, bendi ya roki mbadala ya Korea Kusini, ambayo jina lake lina maana ya saluni ya kinyozi ya kina dada. Ilianza kwa mzaha. Mwimbaji wake, Lee Seok-won, alikuwa akijitambulisha kwenye mitandao ya kompyuta ya miaka ya 1990 kuwa kiongozi wa bendi yenye jina hilo, ilhali bendi haikuwapo, na uongo huo ulipofika hadi redioni ikabidi watafutwe wapigaji wa kweli. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1996, wakati kumbi ndogo za Hongdae, mtaa unaozunguka Chuo Kikuu cha Hongik jijini Seoul, zilipokuwa zikilea kizazi kizima cha wanamuziki wasio na kampuni kubwa nyuma yao.

Kilele chao, kwa maoni yangu, ni albamu ya tano, Gajang Botongui Jonjae, ya mwaka 2008. Magitaa yake ni safi na hayana pupa, sauti ya Lee haipandi hata pale ambapo mwimbaji mwingine angelia, na mashairi yanamfuata mtu anayetambua kwamba yeye ni kiumbe wa kawaida kabisa, hata machoni pa aliyempenda. Mwaka 2009 ilitwaa tuzo ya albamu ya mwaka katika Tuzo za Muziki za Korea, ambazo waamuzi wake hupima muziki wenyewe badala ya mauzo.

Basi nyumbani bendi hii ilipimwa, tena ikaonekana nzito. Waliopungukiwa ni wasikilizaji wa nje. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini muziki unaovuka mipaka ya Korea huvushwa zaidi na kampuni zinazofunza vijana kwa miaka, zikawapa video, wafasiri na ziara za dunia. Bendi inayotegemea maneno ya Kikorea yaliyosemwa kwa upole haina chombo cha namna hiyo. Zaidi ya hayo, Wakorea huuita mtindo huu "roki ya kisasa", na tuzo zao huutenga na roki ya kawaida, hivyo anayetafuta kwa jina la roki mbadala huweza kuipita bila kuiona.

Lee alistaafu muziki mwaka 2017, baada ya albamu ya sita. Msikilizaji mgeni na aanze na ile ya tano, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka, kisha arudi nyuma hadi ile ya 1996, ambamo magitaa bado yana ukwaruzo wa vijana waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kupiga.