Kula nje Marseille: dhana ninazozisikia kila msimu, na ukweli wake

Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Marseille, na wengi wao ni watu wetu: familia za Dar na Mombasa, wanafunzi walioko Ulaya, Wazanzibari wa Muscat na London. Kuna kauli moja nimeichoka. "Dada, tuoneshe supamaketi tu, mgahawani Ufaransa tutauza nyumba." Naambiwa hivyo na watu ambao hawajasoma hata bei ya mgahawa mmoja. Wamebeba noodles za pakiti begini, na zikiisha wanahamia kwenye baga. Siku ya mwisho wananiambia chakula cha Wafaransa hakina lolote. Wamekionea wapi?

"Mgahawani ni kwa wenye pesa tu"

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu dhana hii inawanyima watu nusu ya safari yao.

Seti ya baga, chipsi na soda katika maduka makubwa ya baga hapa ni euro 11 au 12. Mgahawa wa kawaida, wenye viti, vitambaa na mpishi, unauza mlo wa siku mchana kwa euro 13 hadi 17. Wanauita plat du jour, na umeandikwa kwa chaki kwenye ubao nje ya mlango. Ukitaka kianzio na mlo, au mlo na kitindamlo, unaagiza formule, ambayo mara nyingi ni euro 17 hadi 24. Kwa hiyo mgeni wangu anayekimbilia baga ili abane matumizi ameokoa euro chache, na amekosa samaki wa kuoka na mboga za Provence, mkoa wetu huu, zilizopikwa asubuhi ile ile.

Watu huniuliza kama ule wa mchana ni makombo ya jana yake. Si makombo. Mpishi ananunua bidhaa moja kwa wingi, anapika sufuria moja kwa watu wote, hatupi kitu, na wateja wenyewe ni wafanyakazi wa ofisi za jirani wanaorudi kila wiki. Akiwalisha vibaya Jumanne, Jumatano hawaonekani. Ndiyo maana mchana bei iko chini na chakula kiko sawa. Usiku jiko ni lile lile na mpishi ni yule yule, ila unaagiza kimoja kimoja, na kila kimoja kina bei yake.

Chukua mfano wa kawaida. Mchana: formule euro 19, maji ya jagi bure, mkate bure. Jumla 19. Usiku, mgahawa huo huo: kianzio 12, mlo 24, kitindamlo 9, chupa ya maji 6. Jumla 51, na mgeni asiyejua anaongeza 5 za bakshishi. Halafu anarudi nyumbani kusimulia kwamba Ufaransa ni ghali.

Maji hayo ya jagi si fadhila ya mwenye mgahawa. Tangu 1967 kanuni za bei zinahesabu mkate na maji ya kawaida kuwa sehemu ya mlo, na tangu 2022 migahawa inatakiwa kuonesha wazi kwamba maji ya kunywa ya bure yapo. Sema "une carafe d'eau, s'il vous plaît" bila kuona haya. Wafaransa wenyewe ndivyo wanavyoagiza. Ukisema "maji" tu, unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Bei nazo lazima zibandikwe nje, kwa hiyo hakuna sababu ya kukaa kitini kabla ya kujua utalipa nini.

Sasa sikiliza saa, maana hapo ndipo pesa zinapopotelea. Chakula cha mchana ni saa sita hadi saa nane. Cha usiku kinaanza saa moja na nusu. Wageni wangu wanaamka saa nne, wanatembea, wanapiga picha, njaa inawashika saa tisa. Saa tisa majiko ya maana yamefungwa. Yaliyobaki wazi ni yale ya ukingoni mwa Vieux-Port, bandari ya zamani, yanayopika mchana kutwa kwa ajili ya watu waliochelewa, yenye picha za vyakula na karatasi za lugha sita, na huko ndiko unakolipa euro 22 kwa kome waliotoka kwenye friza. Hii ndiyo mama wa simulizi zote za Ufaransa kuwa ghali. Nikimpata mgeni akakubali kukaa mezani saa sita na robo, ugomvi wetu wa bajeti unaisha siku hiyo hiyo.

Wapi? Ondoka kwenye maji. Panda mitaa ya Préfecture na Castellane, nenda Cours Julien, au La Joliette kwenye ofisi. Tafuta ubao wenye vyakula vichache; jiko dogo lenye vyakula arobaini haliwezi kuvipika vyote kuanzia mwanzo. Tafuta pia alama ya sufuria yenye paa la nyumba. Ni alama ya "fait maison", iliyowekwa kisheria 2014, na maana yake ni kwamba chakula kimepikwa hapo hapo kutokana na bidhaa mbichi.

"Bouillabaisse ni bouillabaisse, tutafute ya bei poa"

Hapana. Hapa ushauri wangu ni wa kinyume: ama ulipe kamili, ama uache.

Bouillabaisse, mchuzi wa samaki wa Marseille, ilianza kama chakula cha wavuvi, waliochemsha samaki wa miamba wenye miiba wasiouzika. Leo samaki hao ni adimu na ghali. Mwaka 1980 wenye migahawa kadhaa wa hapa walitia saini mkataba wa kulinda mapishi haya: samaki wasiopungua aina nne kutoka orodha maalumu, kati yao rascasse, saint-pierre, baudroie na mkunga, mchuzi wa samaki wadogo wa miamba wenye zafarani, shamari na kitunguu saumu, na samaki wakatwe mbele ya mteja. Mchuzi unaletwa na mkate mkavu na rouille, ile mayonezi nyekundu ya kitunguu saumu na pilipili, kisha samaki. Mhudumu anakuja na sinia la samaki wazima, anakuonesha, ndipo anatoa miiba kwa kijiko na uma. Kazi hiyo, pamoja na samaki wenyewe, ndiyo inayofanya bei ianze euro 60 hivi kwa mtu na kupanda. Migahawa kama Chez Fonfon pale Vallon des Auffes, au Miramar bandarini, inajulikana kwa hili. Weka nafasi mapema.

Kwa hiyo ukiona ubao wa bouillabaisse ya euro 25, kuna kitu hakimo, na aghalabu ni samaki. Huna 60? Agiza soupe de poissons. Ni mchuzi wa samaki waliosagwa, na rouille na mkate vile vile, kwa robo ya bei, na ni halali yake kuitwa jina lake. Nawasihi wageni wangu wachague huu badala ya bouillabaisse ya uongo. Waislamu waulize kwanza: baadhi ya wapishi hutia divai au pastis, pombe ya anisi, kwenye mchuzi.

"Noailles usiende, na chakula chake si cha Kifaransa"

Shika simu yako vizuri, kama Kariakoo, kisha uende. Noailles ni soko la katikati ya mji, wenyewe wanaliita tumbo la Marseille, na mtu mwenye euro 10 hashindi na njaa pale. Kuna supu ya dengu ya Kitunisia, leblebi, yenye mkate na yai. Kuna kuskusi, vipunje vya nafaka vinavyopikwa kwa mvuke. Le Fémina, karibu na hapo, wanapika kuskusi ya shayiri ya Wakabilia wa Algeria tangu 1921. Miaka zaidi ya mia moja, na bado mtu ananiambia si chakula cha mji huu!

Wangazija nao wamejaa Marseille, hakuna mji Ufaransa wenye Wangazija wengi kuushinda huu. Nilimpeleka bibi mmoja wa Tanga sokoni, akawasikia kina mama wawili wakibishana juu ya mihogo, akaelewa nusu ya maneno, akaingilia kati. Tuliondoka na anwani ya mpishi wa mataba, kisamvu cha nazi, na sikumsikia tena akiulizia noodles.

Na pizza ni ya hapa pia. Waitalia waliohamia waliileta, na mwaka 1962 Jean Méritan akaanzisha gari la pizza, lenye tanuri ndani. Magari hayo bado yapo mitaani usiku. Agiza moitié-moitié, nusu jibini, nusu anchovi, dagaa wa kutiwa chumvi. Moja inatosha watu wawili wasio na njaa kali.

"Halal itatusumbua"

Marseille? Nyama ya halal iko kila mtaa. Cheti ndicho cha kuangalia, si maandishi ya dirishani: uliza nyama imethibitishwa na nani. Mwenye duka mwaminifu anakuonesha karatasi bila kununa.

"Lazima uache asilimia kumi"

Huduma imo tayari ndani ya bei, kwa sheria. Umeridhika sana, acha sarafu ya euro moja au mbili. Basi.

"Wenye nyota za Michelin si wa watu weusi kama sisi"

Hii inanikera kuliko ninavyoweza kuandika. Alexandre Mazzia, mpishi aliyepata nyota ya tatu ya Michelin, ule mwongozo wa migahawa, hapa Marseille mwaka 2021, alizaliwa Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, na moshi, pilipili na ladha za utoto huo zimo kwenye sahani zake. Kwake ni mamia ya euro na kuweka nafasi mapema sana, sikufichi. Wasio na bajeti hiyo waangalie alama ya Bib Gourmand katika mwongozo huo huo, inayotolewa kwa migahawa mizuri ya bei nafuu.

"Wahudumu wana kiburi"

Umeingia, hukusalimu, umeuliza bei. Nyumbani kwenu ungejibiwaje? Sema "Bonjour" kwanza, ungoje uitikiwe, ndipo uombe meza. Kiingereza baada ya hapo hakina shida.

"Tutakula popote, siku yoyote"

Jumapili usiku na Jumatatu majiko mengi mazuri yanafungwa, na Agosti wengine wanaenda likizo. Siku hizo panda basi namba 35 kutoka La Joliette hadi L'Estaque, kwenye vibanda vya pwani, ununue panisse: uji mzito wa unga wa dengu uliopozwa, ukakatwa vipande na kukaangwa. Asiyekataa bajia hataukataa. Unauzwa moto, kwenye karatasi. Tia chumvi na pilipili manga, na ule umesimama kabla haujapoa.