UTI inayojirudia si lazima iwe UTI sugu

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwa mama aliyetolewa kizazi mwaka jana: "Mimi nina UTI sugu." Amemeza dozi nne za antibayotiki. Nikamuuliza mkojo wake umeoteshwa maabara mara ngapi, yaani bakteria waliomo wakakuzwa ili wajulikane. Hata mara moja.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi ya kibofu, na anayeyaleta mara nyingi ni bakteria E. coli kutoka utumbo mpana. Yakitokea mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au mara 3 ndani ya mwaka, huitwa UTI ya kujirudia. Hapo kinachohesabiwa ni mara tu.

Sugu ni habari nyingine. Neno hili ni ndugu wa kusugua: sugu ni ile ngozi iliyokakamaa kiganjani mwa mkulima, iliyosuguliwa na mpini wa jembe hata haisikii tena. Ndivyo tulivyopata mtoto sugu, aliyezoea kukaripiwa, na ndivyo tulivyopata bakteria sugu: dawa imewaua wenzake dhaifu, wakabaki na kuzaana wale isiowaweza. Kwa hiyo mwenye usugu ni bakteria, si mwanamke, tena ni usugu dhidi ya dawa fulani. Haujulikani kwa kuhesabu marejeo, wala kwa kijiti kinachochovywa kwenye mkojo. Unajulikana mkojo ukioteshwa siku 2 au 3, kisha bakteria akajaribiwa kwa dawa moja moja.

Linaniuma kwa sababu kwa aliyepasuliwa, jina hilo huzuia maswali mengine. Baada ya upasuaji wa nyonga, kama huo wa kutoa kizazi, kibofu huweza kushindwa kujimaliza, au kikashuka kuelekea ukeni, na huo ndio uzito anaousikia mtu akisimama muda mrefu, kama kitu kinataka kutoka. Mkojo unaobaki ndani huwapa bakteria mahali pa kuzaliana. Hata bakteria anayekufa kwa dawa ya kawaida kabisa atapata nafasi ya kurudi, na dawa kali zaidi haitainua kibofu kilichoshuka. Ultrasaundi baada ya kukojoa huonyesha mkojo uliobaki. Kama ovari, yaani vifuko vya mayai, nazo zilitolewa, homoni ya kike iitwayo estrojeni hupungua, uke na njia ya mkojo hukauka, na maambukizi hupata upenyo. Yapo matibabu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Pengine hakuna bakteria hata mmoja, ila misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayobeba kibofu na uke, iliyokaza, ambayo huhitaji mtaalamu wa fiziotherapia.

Basi mama, ukifika kliniki sema hivi: "Imenirudia mara nne tangu nipasuliwe, na nikisimama sana nasikia uzito chini." Neno sugu tumwachie mtu wa maabara, akishaotesha mkojo.