Kaburi la Baden-Powell, Nyeri: mambo ya kujua kabla hujafika

Tarehe 22 Februari, siku ya kuzaliwa kwa Robert Baden-Powell, maskauti wa nchi nyingi humkumbuka mwanzilishi wao, na wengi hufika kwenye kaburi lake katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri. Karibuni sana. Lakini kuna maswali tunayoulizwa kila mwaka, na mengine yamekwishajibiwa mara nyingi mno.

Hakuwa gavana wa Kenya. Wala hakupigana na Mau Mau: alifariki tarehe 8 Januari 1941, miaka 11 kabla ya hali ya hatari kutangazwa. Tafadhali, walimu, msiwafundishe watoto hivyo.

Alizaliwa London mwaka 1857, akaingia jeshini 1876 na kutumwa India pamoja na kikosi cha wapanda farasi. Mwaka 1899, akiwa kanali, Makaburu walimzingira Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217. Mzingiro ulipovunjwa alipandishwa cheo kuwa meja jenerali, akiwa na miaka 43 tu. “Sir” alipewa 1909, akastaafu akiwa luteni jenerali 1910. “Lord” hakuwa mpaka 1929, miaka mingi baada ya kuanzisha uskauti. Kwa hiyo anayeandika “Lord Baden-Powell aliiteka Mafeking” amekosea mara mbili: alikuwa kanali, na mji aliulinda.

Upande wa pili nao usimuliwe. Wabarolong, jamii ya Waafrika waliokuwa wakiishi Mafeking, walishika silaha kuulinda mji huo, na njaa ikawauma Waafrika kuliko Wazungu. Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama, aliandika shajara ya siku hizo. Mwaka 1896, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, Baden-Powell aliamuru chifu Uwini, aliyekuwa mateka, ahukumiwe na mahakama ya kijeshi. Uwini akapigwa risasi. Uchunguzi wa jeshi ulimwondolea lawama kamanda huyo, lakini mgeni anastahili kulisikia jina la Uwini.

Jiwe linamtaja kama Skauti Mkuu wa Dunia. Duara lenye nukta katikati, lililo kwenye jiwe hilo, si alama ya siri ya dini yoyote, kama tunavyoulizwa. Ni alama ya njiani ya maskauti: “nimekwenda nyumbani.” Majivu ya mkewe Olave, aliyefariki 1977, yamezikwa hapo hapo.

Kaburi hili ni mnara wa kitaifa, na linalindwa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kuandika juu ya jiwe, kulichonga, kumegua kipande au kulipaka rangi ni kosa, hata ukidai unalisafisha. Adhabu inaweza kuwa faini au kifungo. Kufuatisha maandishi kwa chaki kusifanywe bila kibali, na kibali huombwa kwa maandishi, mapema, kwa kueleza kusudi, vifaa na idadi ya watu. Kibali cha mdomo kutoka kwa mtu uliyemkuta getini hakitambuliki. Picha pigeni, ila msipande juu ya kaburi.